Sadaka Zilizobaki Nje ya Lango

Kiti cha mbele kabisa, nyuma ya dereva, aliachiwa Lasmini. Hakukiomba. Alipopanda tu kwenye basi akiwa amemshika binti yake Putu mkono, Mama Kerti, jirani yao mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa kuliko mwili, alimpiga mumewe begani kwa upepeo wake wa mkononi na kumwamuru aende nyuma akakae na mizigo.

"Ondoka hapo wewe. Tumbo lako lina pombe ya mnazi tu, la mwenzio lina mtu."

Basi zima lilicheka. Lasmini naye akacheka, kwa sababu mtu akitaniwa hucheka. Akakaa, akampakata Putu, akaivuta shali yake nyeupe mpaka chini ya kitovu. Tumbo lile halikuwa na mtu tena. Ilikuwa wiki ya pili sasa tangu mimba itoke, na ndani ya basi lile hakuna aliyejua ila yeye.

Kila mwaka banjar yao, yaani watu wa kitongoji chao, hukodi basi na kwenda kusali kwenye mahekalu ya mbali, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mwaka huu walipanga kuanzia Tanah Lot, hekalu lililoko juu ya mwamba baharini, kisha wapande Jatiluwih wale chakula cha mchana kwenye ngazi za mashamba ya mpunga, na jioni wamalizie Bratan, kwenye hekalu la ziwani, huko juu kwenye baridi. Watu walikuwa wamevaa nguo zao safi za hekaluni na mikanda kiunoni, na kule nyuma vikapu vya sadaka vilikuwa vimepangwa mpaka dirishani, vimefunikwa kwa vitambaa vya manjano.

Vile vikapu ndivyo vilivyokuwa vikimkaba Lasmini roho, kwa maana karibu kila kilichokuwamo kilikuwa kimesukwa kwa mikono yake.

Mama mkwe wake, ambaye watu wote walimwita Mama Gede kwa jina la mwanawe, ndiye aliyepewa kusimamia sadaka za safari. Kwa muda wa siku kadhaa baraza la nyumba yao lilijaa majani machanga ya mnazi, vijiti vya mianzi na maua, na wanawake waliingia na kutoka wakikata, wakisuka, wakisengenya. Lasmini alijaribu kusingizia mgongo. Mama Gede akamwekea mto, akamwambia asiinuke, afanye ile kazi nyepesi ya kushona visahani vidogo, kwa kuwa mkono wake ulikuwa safi na visahani vyake havipindi. Mkono wake ulikuwa safi! Mwanamke aliyetokwa na mimba yuko katika sebel, mwiko wa unajisi, mwezi mzima na zaidi. Haingii hekaluni, hagusi sadaka, na wanaokula chungu kimoja naye vivyo hivyo. Lasmini aliyajua hayo kama alivyolijua jina lake. Akakaa juu ya ule mto akashona, kisahani baada ya kisahani, macho chini, na wenzake wakamsifu.

Mtu atauliza kwa nini hakusema. Hata yeye alijiuliza hivyo kila alfajiri, na kila alfajiri jibu lilimjia likiwa kwenye kikombe.

Baba mkwe wake, Bapa Rangki, alifariki mwaka juzi. Alikuwa mtu wa shamba, mkimya, wa jembe na kahawa. Siku chache kabla Lasmini hajakosa hedhi yake, Mama Gede aliota mumewe amesimama kwenye mlango wa jiko, miguu ina matope, anauliza kama maji yamechemka. Mimba ilipojulikana, Mama Gede alikwenda kwa mganga wa kuulizia, naye mganga akamwambia asihangaike, mzee yuko njiani anarudi nyumbani kwake, keshaingia tumboni mwa mkwewe. Tangu siku hiyo yule mama alibadilika. Alikuwa amekonda tangu msiba, akaanza kula. Kila alfajiri alichemsha kahawa nyeusi isiyo na sukari, kama mumewe alivyoipenda, akaiweka pembeni ya Lasmini, akaongea na tumbo. Wakati mwingine alilibembeleza. Mara nyingi aliligombeza, kwa kuwa marehemu alikufa bila kuziba paa la ghala, na mvua zote zile zilimwangukia yeye.

Hata Gede, mumewe Lasmini, aliingia katika utani huo. Yeye alikuwa mbali, akifua mashuka katika meli kubwa ya watalii, na alipata mtandao meli ikifika bandarini tu. Ujumbe wake wa mwisho wa sauti ulikuwa unauliza, huku anacheka, "Mzee anaendeleaje humo ndani? Mwambie asikupige mateke, yeye alinipiga vya kutosha mimi." Lasmini alirekodi jibu la kweli, akalifuta. Akarekodi tena, akafuta. Mwishowe akaandika kwamba wote ni wazima.

Mimba yenyewe ilitoka siku ya kupandikiza mpunga. Alikuwa peke yake katika shamba la juu, ameinama na fungu la miche mkononi, maumivu yakamwanzia mgongoni, yakazunguka. Akachuchumaa palepale kwenye maji. Damu ikatoka, na kilichokuwa katika damu kikatoka. Alibaki amechuchumaa akitazama mpaka maji yakarudi kuwa ya kahawia kama maji mengine. Kisha, kwa kuwa hakujua afanye nini, akapandikiza miche iliyobaki, akaenda nyumbani, akafua sarong yake ya kujifunga kiunoni. Siku ya pili yake alikwenda sokoni mji wa jirani, akapitia kwa mkunga asiyemfahamu, na yule mkunga akampima na kumwambia imetoka yote, apumzike. Aliporudi alikuta kikombe cha kahawa kimewekwa, kimefunikwa na kisahani kisipoe.

Hapo ndipo alipojiambia atasema kesho.

Basi liliingia Tanah Lot jua likiwa bado laini na bahari imekupwa, miamba iko nje, mtu anaweza kuvuka kwa miguu. Watu wa banjar walishuka, wanawake wakajitwisha vikapu vichwani na kuanza kupita katikati ya watalii. Lasmini alishuka naye, akapiga hatua chache, akajishika paji la uso.

"Kizunguzungu, Mama."

Hakuweza kusema ile sababu ambayo kila mwanamke huisema mlangoni mwa hekalu, kwamba yuko katika siku zake, na mtu hamuulizi la pili. Mjamzito hana siku. Mama Gede alimtazama kwa wasiwasi, akamtafutia kivuli kwenye ukuta, akamwachia Putu na chupa ya maji. Alimwambia asijilazimishe, wenye mimba hawadaiwi kupanda miamba, yeye atawasalia wote, watatu.

Lasmini alimwona mama mkwe wake akikunja ncha ya sarong, akitembea juu ya mwani na kikapu kichwani, mgongo umenyooka kama wa msichana. Ndipo kitu kilipomwingia ambacho, kwa kujificha kwake kote, hakukipigia hesabu. Alikuwa ameshughulika na yeye mwenyewe asiingie. Yule mama alikula naye, alilala nyumba moja naye. Alikuwa akipanda kwa Mungu na unajisi asiojua kama anao, na juu ya kichwa chake alibeba unajisi mwingine, uliosukwa vizuri, usiopinda.

Angeweza kumwita. Kulikuwa na nafasi, bado hajafika ngazini. Lasmini alifungua mdomo, na Putu akamuuliza kama kweli katika pango la chini ya mwamba kuna nyoka watakatifu, na kama wanauma. Akamjibu hawaumi. Alipoinua macho tena Mama Gede alikuwa ameshamezwa na lango.

Walirudi nywele zao zina matone ya maji matakatifu na punje za mchele zimegandama katikati ya nyusi. Mama Gede alikuwa ameleta maji kidogo katika mfuko wa plastiki. Alichovya vidole, akainua shali ya mkwewe mbele za watu bila haya, akalipapasa tumbo kwa ule mkono wa maji, taratibu, mara tatu.

"Nimemwambia Mungu akulinde," akaliambia tumbo. "Ila na wewe ujilinde. Usiwe mbishi kama zamani."

Mama Kerti alisema kwamba mwanaume kurudi duniani ili agombezwe na mke yule yule, huo ni moyo wa pekee, yeye wa kwake akifa ataomba aende moja kwa moja. Wakacheka. Lasmini alihisi maji yale yakimtiririka mpaka kinenani, baridi, akabana miguu.

Jatiluwih walikula wamekaa kwenye ukingo wa njia, kila mtu na wali wake uliofungwa kwenye jani la mgomba, kuku wa kuchambua na pilipili mbichi. Mbele yao mashamba yalishuka ngazi kwa ngazi mpaka yakapotea bondeni. Mengine yalikuwa yamejaa maji tu na mawingu ndani yake, mengine yana miche midogo kama ile yao ya nyumbani. Mvua ilikuwa inakusanyika upande wa mlima. Popote ulipokaa ulisikia maji, shamba la juu likimwagia la chini yake, na hilo likimwagia la chini yake tena.

Wenzake walikula kama wakulima wanavyokula wakiwa kwenye shamba la mtu mwingine, huku wanatoa kasoro. Wakasema tuta hili limekatwa vibaya, mfereji ule unahitaji jiwe, huku nako wamechelewa kupanda, watapandaje wakati watalii wanakanyaga kingo wakipigana picha. Mama Gede aliliambia tumbo liangalie vizuri, liige, kwa sababu akishaota meno tu atapewa jembe lake, lipo, limening'inizwa, hakuna aliyeligusa.

Lasmini alikuwa hajamaliza hata robo ya wali. Mama Kerti aliliona hilo, akasema kwa kula huko Bapa Rangki atarudi mdogo kama mwanasesere, na walivyomjua, alikuwa anamaliza sahani mbili kabla ya wengine kunawa. Lasmini akatia tonge mdomoni. Halikushuka. Akaondoka kama anayemfuata Putu, akalitema kwenye majani, akasimama hapo akisikiliza yale maji mpaka honi ya basi ikapigwa.

Njiani kwenda Bratan watu walilala. Barabara ilipanda, ikazunguka, ukungu ukateremka na dereva akawasha taa ingawa ilikuwa mchana. Mama Gede hakulala. Alisogea mbele, akamnong'oneza Lasmini jambo ambalo, alisema, hakutaka kulisema mapema ili lisije likaharibika. Miongoni mwa vikapu kulikuwa na kimoja kisicho cha banjar. Alikiandaa mwenyewe, na nazi, na yai la bata, na kahawa kidogo iliyofungwa kwenye jani. Hicho ni cha shukrani, kwa ajili ya mzee. Hekalu la ziwani ndiko yatokako maji ya mashamba, na mzee alikuwa mtu wa maji. Kwa hiyo hapo hataki kusikia kizunguzungu. Lasmini atakibeba kikapu yeye mwenyewe kichwani na kuingia nacho, kuhani amnyunyizie maji yeye na aliye ndani yake. Akitaka, atamshika kiuno hatua zote.

Lasmini aliitikia kwa kichwa. Alitazama kioo cha mbele, kifutio kikienda na kurudi.

Basi likasimama. Baridi ya huko hupenya kwenye vitambaa vya hekaluni kama havipo. Ziwa lilionekana kipande tu, na mahekalu yake yamesimama majini, mapaa juu ya mapaa, vilele vimeingia ukunguni. Mama Gede alimtwika kikapu, akakiweka sawa, akamfunga mkanda vizuri kiunoni. Wakaanza kutembea. Lango lilikuwa mbele, lile lango la mawe lililopasuliwa katikati, na wenzao walikuwa wanaingia wawiliwawili.

Miguu ya Lasmini ilisimama. Si kwamba aliamua. Ilisimama kama ng'ombe anavyosimama mbele ya daraja asilolijua.

"Mama, siwezi kuingia."

"Nimekwambia nitakushika. Tembea."

"Si kizunguzungu. Mimba imetoka."

Mama Gede hakumtazama usoni. Alitazama tumbo, muda mrefu, kama mtu aliyeitwa kwa jina na sauti anayoijua akawa anangoja iite tena. Watu wawili waliwapita wakawaomba radhi.

"Lini?"

"Siku ile ya kupandikiza."

"Siku ya kupandikiza," alirudia polepole. Kisha akauliza, bila ukali wowote, "Sasa hiyo kahawa nilikuwa nampa nani?"

Machozi ya Lasmini yalikuwa yanashuka na hakuweza kuyafuta kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshika kikapu. Jicho la Mama Gede likapanda mpaka kwenye kikapu hicho, kisha likaenda kwenye vikapu vya wenzao waliokuwa mbele.

"Na hizi zote?"

"Nilishona mimi, Mama."

"Kwamba ulishona wewe najua, nilikuwa nimekaa mbele yako. Nakuuliza, ulishona ukijua?"

"Nikijua."

"Na asubuhi ukaniangalia nikipanda mwambani."

"Nilitaka kukuita."

"Hukuniita." Alikitoa kikapu kichwani mwa mkwewe, kwa mikono miwili, kwa uangalifu, akakiweka juu ya ukuta. Akainua kiganja akajipangusa zile punje za mchele za asubuhi zilizobaki kwenye paji lake. "Ungenisukuma baharini ningekuelewa."

Akamwacha hapo, akaenda kumtafuta Bapa Nengah, mkuu wa banjar. Lasmini alimwona akipiga magoti kwenye mawe yaliyolowa na kusema, na hakupunguza neno. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Alisema mimba ilitoka lini, alisema sadaka zilisukwa na nani, alisema yeye mwenyewe amepanda Tanah Lot akiwa na sebel. Waliokuwa wameshaingia waliitwa watoke. Minong'ono ikaenda toka mtu hadi mtu, na ilipofika mwisho wa msururu kila uso ukageuka upande wa ukuta.

Bapa Nengah alizungumza na kuhani wa hapo, akarudi akatangaza kwa sauti yake ya mikutano, isiyopanda wala kushuka. Sadaka zote zilizotoka nyumbani zibaki nje. Wa nyumba ile wabaki nje. Wengine wanyunyiziwe maji ya kujitakasa hapa langoni, wanunue maua kwa wauzaji, wasali kwa maua matupu, inatosha. Wakifika nyumbani itabidi pafanywe ibada ya kusafisha, na watu warudi Tanah Lot kuomba radhi kwa niaba ya banjar. Hakumtukana mtu. Akiwa anaondoka alimwambia Lasmini pole, kwa jicho lililoangalia pembeni.

Vikapu vikapangwa juu ya ukuta, kimoja kimoja. Mama Kerti alileta cha kwake, akakiweka mwisho wa safu karibu kabisa na Lasmini. Alikuwa mtu wa kusema jambo hata kwenye mazishi. Safari hii alipanga kile kikapu, akarekebisha kitambaa chake, akaenda zake.

Wakabaki watatu nje. Kengele ya kuhani ilianza ndani, halafu nyimbo. Ukungu ulipopasuka kidogo Putu aliziona zile boti za kukodi zenye umbo la bata zimefungwa ufukweni, akaomba apande moja. Bibi yake alimwambia akae. Akaomba tena kwa mama yake. Lasmini akamvuta akamfunika kwa shali, mtoto akalalia paja lake na kunyamaza, akishangaa nini kimewapata wakubwa.

Mama Gede alikaa upande wa pili wa mtoto, mikono magotini. Hakulia. Alionekana amerudi vilevile alivyokuwa mwaka wa msiba, mashavu yameingia, na Lasmini aliona kwamba ndicho alichokiogopa siku zote hizo, uso ule. Kwa ajili ya kutouona ndiyo maana alikunywa kahawa asiyoipenda. Sasa ulikuwa hapo ubavuni mwake, na alikuwa ameuongezea aibu.

Nyimbo zilikuwa zimekatika, maombi yameanza, ndipo yule mama aliposema, macho yake ziwani.

"Ulimweka wapi?"

"Mama?"

"Ulimweka wapi? Hata akiwa kidogo huwekwa mahali. Ulimpeleka kwenye makaburi ya watoto? Ulimfunga kwa kitambaa cheupe?"

Lasmini alikuwa ameulizwa mambo mengi ndani ya kichwa chake kwa muda wote ule. Hilo hakuwahi kujiuliza kwa sauti.

"Sikumweka popote. Nilikuwa shamba la juu, ndani ya maji. Mlango wa maji ulikuwa wazi. Mpaka napata akili, maji yalikuwa yameondoka naye."

Mama Gede aligeuka. Ndiyo mara ya kwanza alimtazama usoni tangu langoni. Kisha akageuka tena, midomo ikawa inacheza bila sauti, na Lasmini, ambaye alizaliwa na kuolewa katika mashamba hayohayo, alijua anafanya nini. Alikuwa anayafuata maji. Kutoka shamba lao yanaingia la kina Kerti, kutoka la kina Kerti yanaingia yale mawili ya Bapa Nengah, yanazunguka mti wa mpera, yanashuka kwa wajane, kwa mwalimu, mpaka mtoni. Wote hao walikuwa wamepandikiza wiki ile. Wote walikuwa ndani ya maji hayo mpaka magotini.

"Umemwambia nani hilo?"

"Hakuna."

"Usimwambie mtu." Sauti yake ilikuwa kavu. "La mimba limesemwa, lazima lisemwe, hapa ni kwa Mungu. La maji hapana. Panya wakiingia mpungani watasema ni wewe. Jani likigeuka njano ni wewe. Mtoto wa mtu akiharisha ni wewe. Putu ataolewa bado wanasema. Hata Gede usimwambie."

"Lakini Mama, si mashamba yao pia yasafishwe?"

"Nitayasafisha mimi. Siku zetu za sebel zikiisha nitakwenda alfajiri, tuta kwa tuta, kama mtu anayetafuta konokono."

Lasmini alidhani amemaliza.

"Alikuwa anaogopa hilo hilo, mzee," alisema Mama Gede. "Zamu ya maji ikifika usiku alikesha tutani, yasije yakamkuta amelala."

Hapo ndipo alipolia, kidogo, bila kujifunika uso, na Lasmini alinyoosha mkono juu ya mtoto aliyelala. Mkono ule haukupokelewa. Haukusukumwa pia. Ulikaa juu ya goti la yule mama, kwenye kitambaa kilicholowa.

Watu walianza kutoka, wameloa vichwa, wana mchele mpya kwenye nyusi. Bapa Nengah alikuja mpaka ukutani. Alisema kuhani ameuliza jambo moja, naye kama mkuu ni lazima ajue kabla hawajaondoka ili ajue ibada ya nyumbani iwe ya ukubwa gani. Je, kile kiumbe kilihifadhiwa mahali panapostahili?

Lasmini alihisi goti chini ya kiganja chake likikaza. Mama Gede alisimama. Alijifunga mkanda wake upya, akaviunganisha viganja mbele ya kifua kama ilivyo heshima. Lango la hekalu lilikuwa nyuma ya Bapa Nengah, na ukungu ulikuwa umetoka mbele yake.

"Nimemuuliza hilo hilo, Bapa," alisema. "Alimpeleka kwenye makaburi ya watoto. Kitambaa cheupe, na maua. Mahali penyewe kanielekeza, nitakwenda kupaona."

Bapa Nengah alipumua, akasema angalau hilo lilifanyika vizuri, akaenda kuhesabu watu wake. Mama Gede alibaki viganja vyake bado vimeungana, akilitazama lango. Matone ya kwanza ya mvua yalianguka juu ya vitambaa vya manjano. Mtu mmoja aliuliza kama hivi vikapu virudishwe kwenye basi au viachwe.